Akiba Inayooza

Wahenga waliposema kwamba akiba haiozi, hawakuwa wamepata kuiona betri. Nafaka ikihifadhiwa ghalani kwa uangalifu huweza kuusubiri msimu wa njaa, na fedha iliyofungwa kwenye ncha ya leso huingoja siku ya haja. Betri ya risasi na asidi iliyowekwa katika chumba cha mitambo cha chuo kikuu huoza kimyakimya, itumike isitumike. Haitoi harufu wala haibadiliki rangi. Taa yake ndogo ya kijani huendelea kuwaka kana kwamba mambo ni shwari. Anayegundua kwamba imekufa ni yule anayeihitaji, naye huligundua hilo katika dakika ileile anayoihitaji.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, umeme aghalabu hauitwi umeme. Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki, watu husema stima, neno ambalo pwani lilikuwa jina la meli ya moshi kabla ya kupanda bara na kuingia katika kuta za nyumba. Isitoshe, stima hizo hazikatiki; hupotea. "Stima zimepotea," husema mwenye duka akipapasa kibiriti, na zikirejea, mabweni mazima hupiga kelele za shangwe kana kwamba amerudi jamaa aliyekuwa safarini. Mtaalamu wa semantiki angeweza kuandika makala nzima juu ya kitenzi hicho. Kitu kilichokatika kina mkataji, na mkataji anaweza kuulizwa. Kilichopotea hakina wa kuulizwa, hungojwa tu.

Ajabu ya eneo hili ni kwamba ndilo linaloipa nchi sehemu kubwa ya maji yanayozalisha umeme. Mito inayoshuka kutoka mlimani na kutoka Nyandarua, ikiwemo Chania, Gura na Ragati, huingia katika Sagana ambayo ndiyo Tana yenyewe, kisha maji hayo hupita katika mabwawa yaliyopangana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikikosekana milimani, taifa zima huhisi, kama lilivyohisi katika mgao mkali wa umeme wa mwaka 2000. Hata hivyo, kuwa karibu na chanzo hakumpi mtu haki ya kwanza ya kunywa. Umeme unaozalishwa kwa maji ya Gura huingia katika gridi ya taifa, na mkazi wa Othaya huungoja urudi kupitia nguzo zilizosimama chini ya mikaratusi inayoanguka kila upepo unapovuma.

Wenye kuikumbuka tarehe 7 Juni 2016 wanajua jinsi mnyororo huo ulivyo mwembamba. Siku hiyo tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma, na transfoma hiyo ikazimika. Mitambo mingine ikalemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikawa gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika. Watu walicheka sana, na kwa hakika kisa kilichekesha, lakini msimamizi wa seva katika chuo chochote hakucheka. Kwake yeye tumbili, mkaratusi na radi ya mwezi Aprili ni kitu kimoja. Tena usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi ilipoingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa bila taa katika baadhi ya sehemu zake kwa kuwa jenereta moja ilikataa kuwaka. Jenereta ilikuwepo. Ilikuwa imenunuliwa na kuwekwa mahali pake. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili lote: pana masafa marefu kati ya kuwa na akiba na kuwa na akiba itakayoitika ikiitwa.

Vyuo vikuu vya eneo hili ni vichanga, ingawa mizizi yake ni mirefu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopo nje kidogo ya mji wa Nyeri, kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi iliyojengwa kwa harambee, kikawa chuo kishiriki cha Jomo Kenyatta mwaka 2007, na kupata hati yake Desemba 2012. Karatina, Chuka na Meru vilifuata mwaka 2013. Embu na Kirinyaga vikapata hati mwaka 2016. Embu palikuwa na chuo cha mafunzo ya kilimo, Kirinyaga na Meru palikuwa na taasisi za ufundi. Maana ya historia hii kwa fundi wa umeme ni rahisi: mengi ya majengo ya mwanzo yalitandazwa nyaya kwa ajili ya taa, mashine za kuchomelea na pengine redio ya mwalimu mkuu. Hakuna aliyekuwa akiwaza seva. Na hapana wa kulaumiwa kwa hilo.

Enzi ambapo intaneti ya vyuo ilitoka angani kupitia setilaiti, kwa bei ya kutisha na kwa mwendo wa konokono, stima zikipotea hasara ilikuwa barua pepe mbili tatu. Mambo yaligeuka kuanzia mwaka 2009, mikonga ya baharini ilipofika Mombasa na mtandao wa KENET, ambao uliwaunganisha wasomi wa Kenya tangu 1999, ukapata njia pana. Tangu hapo usajili, karo, matokeo ya mitihani, majarida ya maktaba na tasnifu zote zimehamia kwenye mashine. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, hata ukumbi wa mihadhara ulihamia humo. Leo chuo kikikosa umeme kwa dakika 5, hakikosi mwanga tu. Hukosa kumbukumbu yake.

Msomaji wa jarida la Kiswahili huenda akauliza mambo haya ya nyaya yanamhusu nini. Yanamhusu, na itabidi astahimili maelezo kidogo ya ufundi.

Umeme wa gridi ukipotea, jenereta nzuri inayojiwasha yenyewe huchukua kama sekunde 10 hadi 15 kabla ya kuubeba mzigo. Katika sekunde hizo kompyuta ambayo haina betri huwa imekwisha kufa. Kwa hiyo katikati huwekwa chombo ambacho mafundi hukiita yupiesi: betri zilizounganishwa na kigeuzi cha umeme, ambazo kazi yake ni kulijaza pengo hilo lisionekane. Betri hizo, zikiwa za risasi na asidi, huishi miaka 3 hadi 5 katika joto la wastani la nyuzi 25, na kila joto linapopanda kwa nyuzi 8 hadi 10, umri wake hupungua kwa nusu. Katika jambo hili Nyeri imebarikiwa, kwani baridi yake ni rafiki wa betri. Lakini mji huohuo, ambao uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, ni adui wa jenereta. Hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na chombo cha kuisindikia hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Jenereta iliyojaribiwa Mombasa ikaonekana kutosha, ikipandishwa mpaka Nyeri hufika ikiwa imepungukiwa na zaidi ya asilimia 15 ya nguvu, na ikipelekwa Nanyuki hupungukiwa zaidi. Karatasi iliyobandikwa ubavuni mwake haisemi hivyo kwa herufi kubwa.

Lipo kosa jingine ambalo hurudiwa katika vyuo vingi. Fedha zikipatikana, hununuliwa yupiesi kubwa na kuwekwa katika chumba cha seva, kisha picha hupigwa. Stima zinapopotea, seva huendelea kunguruma kwa raha, lakini katika kila jengo njiani kuna swichi ndogo ya mtandao ambayo haina betri, nayo imezimika. Moyo unadunda na mishipa imefungwa. Mwanafunzi aliyeko maktaba haoni tofauti yoyote kati ya seva iliyo hai asiyoweza kuifikia na seva iliyokufa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika chuo kimoja cha eneo hili, ambacho hapana haja ya kukitaja jina. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, wanafunzi wa mwaka wa pili wakiwa katika maabara ya kompyuta wakifanya jaribio la isimujamii, radi ikapiga upande wa msitu na taa zikazima. Jenereta iliwaka, tena kwa wakati. Betri za jengo hilo zilikuwa na umri wa miaka 6, zikadumu kwa muda wa kupiga chafya. Majibu ambayo hayakuwa yamehifadhiwa yakatoweka, na jaribio likarudiwa juma lililofuata. Wapo walioandika vizuri zaidi mara ya pili, na yupo mmoja ambaye hakurudi kwa sababu siku hiyo alikuwa kibaruani akitafuta karo.

Chuo kikatenga fedha, si nyingi, za kuboresha umeme wa akiba. Kamati ikaundwa. Kazi ya kuorodhesha mahitaji alipewa fundi wa mtandao, mwanamke mtulivu wa makamo aliyezoea kuzungumza na mashine zaidi ya watu. Kila idara ilitakiwa imwandikie mahitaji yake. Barua zikamiminika, na kila moja ikaeleza kwa ufasaha kwamba idara husika ndiyo uti wa mgongo wa chuo. Ofisi ya fedha ilitaka kuwemo. Usajili nao. Ukumbi wa mikutano wa utawala ulitaka kuwemo pamoja na viyoyozi vyake, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kulala Nyeri mwezi Julai atalistaajabia.

Fundi hakuzijibu barua. Alichukua kipimo chake cha kubana waya, akapita jengo kwa jengo kwa muda wa juma zima akipima nini hasa kinakula umeme katika soketi nyekundu, zile zilizotengwa tangu zamani kwa ajili ya kompyuta peke yake. Alichokikuta kilimfanya acheke peke yake koridoni. Mabirika ya umeme. Hita za miguuni chini ya meza za makarani. Mahali pamoja, pasi. Birika moja hula wati 2,000 hivi. Swichi ya mtandao ya jengo zima hula kama wati 50. Yaani chai ya ofisi moja ilikuwa ikinywa akiba ambayo ingeyabeba majengo 40. Na betri hazigawi kwa haki: zile zinazoubeba mzigo fulani kwa dakika 20, ukiuzidisha mzigo mara mbili hazitadumu dakika 10, huenda zikaishia 7. Ni vigumu kumlaumu karani anayewasha hita. Baridi ya Julai chini ya mlima, ukungu ukiwa umekaa tangu alfajiri hadi adhuhuri, si mchezo, na soketi nyekundu ndiyo pekee ambayo haipotezi stima. Kila mtu alikuwa na akili ya kutosha kuijua soketi njema. Kilichokosekana ni mtu wa kusema inawekewa nani.

Orodha aliyoipeleka mbele ya kamati ilikuwa ya ukurasa mmoja. Juu kabisa aliweka chumba cha seva, swichi za majengo yote, maabara ya mitihani na maktaba. Ofisi alizipa kompyuta bila birika. Ukumbi wa mikutano haukuwemo. Alieleza kwamba mzigo ukipunguzwa hivyo, chuo hakihitaji ile mashine kubwa iliyokuwa imekwisha kupigiwa bei. Kinahitaji betri ndogo katika kila jengo, za lithiamu, ambazo bei yake imeshuka sana na ambazo huweza kudumu miaka 10 hivi zikitunzwa. Pia kinahitaji nyaya za kuingiza radi ardhini, maana betri iliyopigwa na radi haina umri.

Wajumbe waliikubali hesabu na kuikataa orodha. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mjadala haukuwa wa umeme. Chuo kikiwa na stima tele, kila mmoja huamini kwamba yeye ni muhimu sawa na mwenzake. Giza likiingia na akiba ikiwa ndogo, hulazimika kuandikwa kwenye karatasi, kwa wino, nani atabaki akiona. Mjumbe mmoja aliuliza kwa uchungu wa kweli kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma gazeti maktaba ana haki kuliko mkuu wa idara anayeandika ripoti. Fundi alijibu kwamba yeye hupima mikondo, hapimi haki. Lakini mkuu wa idara ana kompyuta ya mapajani yenye betri yake mwenyewe, na mwanafunzi yule hana.

Katika waliokuja ofisini kwake baada ya mkutano alikuwemo mhadhiri wa fasihi simulizi. Yeye hakuwa ameandika barua. Chumba chake kilikuwa mwisho wa jengo la zamani, na katika kompyuta moja iliyochakaa zilikuwemo sauti ambazo wanafunzi wake walizikusanya kwa miaka mingi: ngano za Kirinyaga, vitendawili vya Chuka, nyimbo za kazi, na mahojiano na wazee wa Majengo ya Nyeri waliokuwa wakizungumza Kiswahili cha bara cha zamani, kile ambacho hakijaandikwa katika sarufi yoyote. Wengi wa wazee hao walikuwa wamekwisha kufa. Mara mbili stima zilikuwa zimepotea mashine ikiwa katikati ya kuhifadhi, na kila mara faili kadhaa zilikataa kufunguka.

"Fundi, chumba changu kimo?"

"Hakimo, Mwalimu."

"Basi wazee wangu watakufa mara ya pili."

Fundi aliinuka, wakaenda pamoja mpaka mwisho wa jengo la zamani. Aliitazama ile kompyuta, akaiwekea sikio kama daktari.

"Mwalimu, mashine hii haitaki stima za akiba. Inataka nakala. Ukiipa betri leo, kesho diski itakufa kwa uzee wake na betri ikiwa imejaa."

Mhadhiri alinyamaza. Kisha, kwa kuwa watu wa lugha hawawezi kujizuia, akataja kwamba Kiswahili cha tarakilishi kina neno kwa jambo hilo, chelezo, ambalo wataalamu wa istilahi walilichukua kwa wavuvi: kile kieleacho juu ya maji na kuonyesha mahali ambapo kitu kimezama. Fundi alisema hajawahi kulisikia, kwamba mafundi wote anaowajua husema bakapu, na kwamba neno la wavuvi ni zuri zaidi.

Mazungumzo hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Idara za Kiswahili zimetumia nguvu nyingi kujadili kama kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi, kama nguvu za umeme ziitwe kawi kama Nairobi au nishati kama Dodoma, na mijadala hiyo ina nafasi yake. Lakini hazina halisi ya lugha, sauti zenyewe za wasemaji, katika vyuo vingi bado zimelala katika kanda, diski na simu za wanafunzi waliokwisha kuhitimu, mahali ambapo radi moja ya Aprili inatosha. Kamati ya umeme inapokutana, ni nadra kumwona mtu wa Kiswahili mezani. Huonekana baadaye, akiuliza kama chumba chake kimo.

Sauti zile zilianza kunakiliwa kwenda kwenye seva juma lililofuata, usiku, wakati mtandao una nafasi. Faili zilizoharibika hazikurejea zote. Moja kati ya zilizopotea ni ya bibi mmoja wa Majengo aliyesimulia safari ya reli. Mwanafunzi aliyemrekodi alitafutwa, akapatikana akifundisha Isiolo, na kwa bahati alikuwa na kipande cha dakika 11 katika simu kuukuu.

Orodha nayo ilipita hatimaye, baada ya kufanyiwa marekebisho. Ukumbi wa mikutano uliingizwa, bila viyoyozi. Betri za swichi zilinunuliwa kwa majengo 9. Soketi nyekundu zilifungwa vifuniko, na makarani wakapewa jiko la gesi katika chumba kimoja cha chai, jambo lililopunguza manung'uniko kuliko waraka wowote. Fundi alidai kitu kimoja zaidi, ambacho hakikugharimu chochote na ndicho kilichopingwa kuliko vyote: kwamba kila Jumanne saa kumi alasiri swichi kuu ya chuo izimwe makusudi, jenereta ibebeshwe mzigo wa kweli kwa nusu saa, na muda ambao kila betri imedumu uandikwe katika daftari. Jenereta inayowashwa bila mzigo, alieleza, hujaa masizi na mafuta yasiyoungua, kisha siku ya haja hukohoa tu. Mara ya kwanza simu zililia ofisini kwake mfululizo. Mara ya tatu hazikulia. Daftari liko ukutani, limefungwa kwa kamba, na katika ukurasa wake wa nne kuna betri ya jengo la uhasibu iliyotakiwa kudumu dakika 30 ikadumu 12. Ilirudishwa kwa muuzaji ikiwa bado na dhamana.

Mabweni hayamo katika orodha. Fundi amekwisha kuyapima, amejua yanahitaji betri ngapi, na karatasi ya hesabu hiyo imo katika faili inayosubiri mwaka mwingine wa fedha. Kwa sasa stima zikipotea usiku, wanafunzi wenye kazi za kukabidhi huchukua blanketi na kutembea gizani hadi maktaba, ambako taa zinawaka.